Augustus au Diocletian: yupi umchague ukitaka kuelewa amani iliyodumu Roma

Kila msimu wa midahalo ukikaribia, vijana ninaowasaidia kujiandaa huniletea swali lile lile: "Mwalimu, nimchukue nani kama mfano wa mtawala wa kale aliyeleta amani ikakaa?" Wakishafika Roma, mezani hubaki majina mawili. La kwanza ni Augustus, yule Kaisari Augusto tunayemsikia kila Krismasi katika Injili ya Luka, aliyetoa amri watu waandikwe majina. La pili ni Diocletian, ambaye wengi hawamjui kabisa, na waliosoma historia ya Kanisa wanamjua kwa ubaya wake, yaani mtesi wa Wakristo.

Ni majina yanayostahili kuwekwa bega kwa bega. Wote wawili walirithi dola iliyokuwa ikijirarua yenyewe, wakanyamazisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakatawala zaidi ya miaka 20. Lakini kila mmoja alishika tatizo kwa upande wake. Augustus alishughulika na swali la askari: akishamaliza vita aende wapi, na ale nini? Diocletian alishughulika na swali la kiti: mimi nikiondoka, nani atakaa hapa bila damu kumwagika? Kwa wengi wenu nitapendekeza Augustus, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba alikuwa mtu mwema, si ya kweli.

Walichokikuta

Wengi wetu tulikutana na mambo haya kupitia Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere. Caesar anachomwa visu, Brutus na Cassius wanakimbia, hadithi inaishia Philippi. Pale inapoishia ndipo kazi ya kijana Octavius, ambaye baadaye ataitwa Augustus, inapoanza. Tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, Caesar, ndugu wa bibi yake, alipouawa, yeye alikuwa na miaka 18. Wosia wa marehemu ulimfanya kuwa mwanawe, na kijana akaja Roma kudai urithi huo.

Mwaka uliofuata alikaa na majemadari Antony na Lepidus, wakaandika orodha za watu wa kuuawa na mali zao kutwaliwa. Cicero, msemaji hodari kuliko wote wa zama zake, alikuwemo, akauawa Desemba 43 KK. Ukimchagua Augustus, usilifiche jambo hili. Mpinzani wako akilitoa yeye kwanza, hoja yako yote itaonekana imejengwa juu ya kuficha. Octavius alipomshinda Antony katika vita vya majini vya Actium mwaka 31 KK na kuitwaa Misri mwaka 30 KK, Roma ilikuwa imepigana yenyewe kwa yenyewe, kwa vipindi, kwa takriban miaka 60, tangu jemadari Sulla alipoingiza jeshi ndani ya mji mwaka 88 KK.

Nyumba aliyoikuta Diocletian ilikuwa imebomoka zaidi, na ni haki kumhesabia hilo. Kati ya mwaka 235 na 284 BK walipita makaizari zaidi ya 20, na wengi wao waliuawa na askari wao wenyewe. Mmoja, Valerian, alikamatwa akiwa hai na Waajemi mwaka 260. Sarafu ya fedha ilikuwa imechakachuliwa mpaka ikawa shaba iliyopakwa fedha juu. Diocletian mwenyewe alitoka familia ya hali ya chini huko Dalmatia, akapanda kupitia jeshi. Tarehe 20 Novemba 284, karibu na Nicomedia, Izmit ya leo nchini Uturuki, askari walimtangaza kuwa kaizari. Akaapa kuwa hakuhusika na kifo cha mtangulizi wake, akamgeukia Aper, mkuu wa walinzi aliyeshukiwa mauaji hayo, akachomoa upanga na kumuua hapo hapo mbele ya jeshi zima. Hivyo ndivyo utawala wake ulivyoanza.

Askari aende wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana naamini ndipo jibu lilipo.

Katika Roma ya kabla ya Augustus, askari aliyemaliza utumishi hakuwa na haki ya kitu chochote cha uhakika. Kama alitaka shamba la kuzeekea, alimtegemea jemadari wake ampiganie. Basi jemadari akisema twende Roma, askari anakwenda, kwa kuwa shamba lake liko mikononi mwa mtu huyo. Sulla alifanya hivyo. Caesar alifanya hivyo. Octavius mwenyewe alifanya hivyo.

Baada ya Actium mshindi alijikuta na lejioni kama 60, za kwake na za adui aliyeshindwa, kila moja ikikaribia watu 5,000 ikiwa kamili. Kuwaacha wote na silaha ni hatari, na kuwafukuza mikono mitupu ni hatari zaidi. Alizipunguza mpaka zikabaki 28. Katika maandishi aliyoyaacha kuhusu kazi zake anasema raia wapatao 500,000 walikula kiapo cha kijeshi chini yake, na kwamba zaidi ya 300,000 kati yao aliwapa makazi mapya au aliwarudisha kwao walipomaliza muda.

Na mashamba yalitoka wapi? Mwaka 41 KK, akiwa bado kijana, aliwapa askari ardhi kwa kuwanyang'anya wenyeji wa miji ya Italia. Watu wakafukuzwa kwenye mashamba ya baba zao, na vita vikalipuka upya huko Perusia. Miaka 11 baadaye mtu yule yule alifanya tofauti: alinunua. Anataja kiasi chenyewe, sesterti (sarafu ya Kirumi) milioni 600 kwa ardhi ya Italia na milioni 260 kwa ardhi ya majimboni, na anajisifu kwamba katika kumbukumbu ya zama zake yeye ndiye wa kwanza na wa pekee kulipa. Sehemu kubwa ya uwezo huo ilitokana na hazina ya Misri, hilo tuliseme wazi. Lakini wengi walishapata hazina za watu kabla yake, wala hawakuzitumia kulipia mashamba.

Kisha mwaka 6 BK alifungua mfuko maalumu wa jeshi. Aliutilia mwenyewe sesterti milioni 170, halafu akaulisha kwa kodi mbili: asilimia 5 ya mirathi ya raia na asilimia 1 ya mauzo ya mnadani. Matajiri walinung'unika sana kuhusu kodi ya mirathi. Hakurudi nyuma. Askari wa lejioni aliyemaliza muda wake alipaswa kupata kiinua mgongo cha sesterti 12,000, yaani dinari 3,000, wakati mshahara wake kwa mwaka ulikuwa dinari 225. Piga hesabu: hiyo ni kama mishahara ya miaka 13 kwa mkupuo. Mfanyakazi yeyote anayesubiri mafao yake leo anaelewa uzito wa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Mfumo haukuwa safi. Augustus alipofariki mwaka 14 BK, majeshi ya mito ya Rhine na Danube yaliasi, na kilio chao kilikuwa kwamba watu wanazeeka jeshini, muda umepita na hawaruhusiwi kuondoka. Lakini angalia walichodai. Walidai malipo na ruhusa ya kustaafu, madai ambayo mtu humpelekea mwajiri. Kamba iliyomfunga askari kwa jemadari mmoja ilikuwa imelegea, na ncha yake sasa ilishikwa na hazina.

Diocletian naye alijua kuwa bila kumlisha askari hakuna kitu. Alipanga upya kodi kwa kuhesabu ardhi na vichwa, na sehemu kubwa ya kodi hiyo ikalipwa kwa nafaka na bidhaa ili jeshi lile hata kama sarafu haina thamani. Hilo lilikuwa jambo la busara na lilifanya kazi. Aliyakata majimbo yaliyokuwa kama 50 yakawa karibu 100, ili gavana mmoja asiwe na nguvu za kutosha kuasi. Hilo nalo ni busara.

Ila mwaka 301 alitangaza bei za juu kabisa za bidhaa na huduma zaidi ya 1,200, na adhabu ya kukiuka ilikuwa kifo. Utangulizi wa amri hiyo unalalamika kuwa askari ananunua kitu kimoja tu na mshahara wake wote umekwisha. Orodha yenyewe inavutia kuliko vitabu vingi: kinyozi, dinari 2 kwa kichwa, mwalimu wa kusoma na kuandika, dinari 50 kwa mtoto kwa mwezi, kibarua wa shambani, dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kumbuka mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, pale kibarua anapopatana na mwenye shamba kwa dinari moja kwa siku. Humo ndani ya tarakimu hizo mbili unaona fedha ilivyoporomoka. Amri haikuweza kuiinua. Bidhaa ziliadimika sokoni, watu wakauawa kwa vitu vidogo, na mwishowe sheria ikaachwa ife.

Mwenye mkate mgumu na mwenye viatu vya vito

Augustus aliishi kwenye kilima cha Palatine, Roma, katika nyumba isiyo ya fahari, akalala chumba kile kile zaidi ya miaka 40. Nguo zake za kila siku zilifumwa na mkewe, dada yake au binti yake. Alipenda mkate wa kawaida, samaki wadogo, jibini laini na tini mbichi. Januari mwaka 27 KK alisimama mbele ya Seneti akarudisha madaraka yote. Maseneta wakamwomba achukue majimbo yenye majeshi mengi, wakampa jina la Augustus. Hakujiita mfalme wala dikteta. Kila kitu kilibaki na jina lake la zamani, na mamlaka yote yakawa yake.

Ukienda kwa Diocletian unakuta joho lenye vito, viatu vyenye vito, na mgeni anapiga magoti kubusu pindo la vazi.

Vijana wengi husema mmoja alikuwa mnyenyekevu na mwingine mwenye kiburi. Sikubaliani nao. Kila mmoja alijikinga na kisu alichokijua. Caesar aliuawa kwa sababu alianza kufanana na mfalme, kwa hiyo mrithi wake alijificha ndani ya nguo za kufumwa nyumbani. Makaizari wa karne ya tatu waliuawa kwa sababu askari waliwaona ni wenzao tu, watu wa kambini waliobahatika, kwa hiyo Diocletian akaweka umbali. Ukilileta hili kwenye mdahalo, utakuwa umewapita waliokariri majina na miaka.

Nikiondoka, nani atakaa?

Kwenye karatasi, hapa Diocletian anashinda. Mwaka 286 alimfanya Maximian kuwa kaizari mwenzake wa upande wa magharibi. Mwaka 293 wakaongeza wasaidizi wawili, Constantius na Galerius, waliopewa cheo cha Caesar na ambao ndio wangepanda wakubwa wakiondoka. Watawala wanne, kila mmoja karibu na mpaka wake, na mrithi anajulikana mapema. Tarehe 1 Mei 305 alifanya jambo ambalo hakuna kaizari aliyekuwa amelifanya kwa hiari yake kabla: alivua vazi la enzi Nicomedia, siku ile ile Maximian akifanya vivyo hivyo Milan, akaenda kuishi katika kasri lake karibu na Salona. Kuta za kasri hilo hadi leo ndizo kitovu cha mji wa Split, Kroatia, na watu wanaishi humo.

Mpango ulikuwa umesahau wana. Constantius alipofariki York mwaka 306, askari wake hawakungoja utaratibu, wakamtangaza mwanawe Constantine. Miezi michache baadaye Maxentius, mwana wa Maximian, akatwaa Roma. Mwaka 308 wakubwa walikutana Carnuntum, kando ya Danube, na mzee Diocletian akaombwa arudi. Inasimuliwa alijibu kwamba kama wangeziona kabichi alizozipanda kwa mikono yake, wasingemwomba jambo hilo. Watu hucheka wakisikia habari hiyo. Mimi huniuma, kwa sababu najua kilichofuata: Valeria binti yake na Prisca mkewe walifukuzwa huku na huko katika vita hivyo, na mwisho wakauawa kwa amri ya Licinius, mmoja wa watawala waliogombania dola. Mapigano hayakuisha hadi Constantine alipobaki peke yake mwaka 324.

Kwa Augustus hapakuwa na mpango mzuri, palikuwa na misiba. Marcellus, mpwa na mkwe wake, alifariki mwaka 23 KK. Agrippa, rafiki yake wa ujanani, 12 KK. Wajukuu aliowafanya wanawe, Lucius mwaka 2 BK na Gaius mwaka 4 BK. Akabaki Tiberius, mwana wa kambo ambaye hakuwa chaguo lake la kwanza. Lakini Tiberius aliingia bila vita, na kutoka mwaka 30 KK mpaka vurugu za mwaka 68 na 69 BK Warumi hawakupigana tena vita vikubwa wao kwa wao. Hiyo ni karibu karne nzima. Hata vurugu hizo zilipotokea, mfumo uliwazidi nguvu waliogombana, na kipindi kiitwacho amani ya Roma huhesabiwa hadi mwaka 180.

Sababu mojawapo ni umri tu. Augustus aliishi karibu miaka 76. Alipofariki, mtu wa miaka 40 hakuwa amewahi kuona utaratibu mwingine. Hili ni jambo la bahati, na ukimtumia kama mfano uliseme, usimpe sifa ya kila kitu.

Mawe mawili

Kama una dakika kumi tu za kuwalinganisha, tafuta picha za mawe mawili. Moja ni Madhabahu ya Amani ya Augustus iliyowekwa wakfu Roma tarehe 30 Januari mwaka 9 KK. Ukutani pake familia inaandamana, na katikati ya mapindo ya mavazi ya wakubwa kuna watoto. Mmoja anavuta nguo ya mtu mzima aliye mbele yake, kama mtoto yeyote aliyechoka kwenye ibada ndefu. La pili ni sanamu ya watawala wanne, ya jiwe la zambarau, iliyobandikwa kwenye kona ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Wanakumbatiana wawili wawili, nyuso zao karibu hazitofautishiki, na kila mmoja ameshika mpini wa upanga wake, wenye kichwa cha tai.

Amani kwa nani?

Swali hili litaulizwa, na linastahili jibu la kweli kwa pande zote. Amani ya Augustus ilikuwa ya ndani. Nje aliendelea kupigana, Hispania, milima ya Alpi, Danube, Ujerumani, ambako mwaka 9 BK lejioni 3 ziliangamia katika msitu wa Teutoburg chini ya Varus. Varus huyo huyo, miaka ya nyuma, alizima maasi ya Wayahudi baada ya kifo cha Herode kwa kuwasulubisha watu kama 2,000. Diocletian kwa upande wake aliwekeana na Waajemi mkataba wa mwaka 299 uliotuliza mpaka wa mashariki kwa karibu miaka 40, jambo kubwa linalosahaulika. Kisha Februari 303 akaanza kuwatesa raia wake mwenyewe kwa sababu ya imani yao: makanisa yakabomolewa, maandiko yakachomwa, watu wakauawa. Galerius aliyelishabikia hilo ndiye aliyelisitisha mwaka 311, akiwa mgonjwa wa kufa. Kwangu mimi hapa mizani inamlalia Diocletian vibaya.

Na kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo la ziada. Misri ilipoingia mikononi mwa Augustus, biashara ya Bahari ya Shamu ilipanuka, na katika karne iliyofuata mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari unaoshuka pwani ya Afrika Mashariki mpaka soko la Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania. Pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa yalitoka huku.

Basi, umchague nani?

Kama mada yako ni jinsi vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyokwisha na kutorudi, mchague Augustus, na hoja yako kuu iwe mfuko wa jeshi wa mwaka 6 BK, si Actium. Kama mada ni kukarabati serikali iliyokwisha kuvunjika, kodi, majimbo, mgawanyo wa madaraka, basi Diocletian ana mengi zaidi ya kukupa, na ugumu wa kazi yake utakusaidia. Kama unaandika juu ya kurithishana uongozi, wachukue wote wawili, maana mmoja peke yake atakudanganya. Na kama unawaandalia wanafunzi wadogo, anza na orodha ya bei ya mwaka 301, kwa sababu mtoto anaelewa bei ya kunyolewa kabla hajaelewa katiba.

Ukiwa na jioni moja tu ya kusoma, soma maandishi ya Augustus mwenyewe kuhusu kazi zake, yaliyochongwa kwenye kuta za hekalu huko Ankara. Ni aya fupi 35, zinaisha kwa kutaja kuwa alipoandika hayo alikuwa katika mwaka wake wa 76. Soma na kalamu mkononi. Pigia mstari kila kiasi cha fedha alichokitaja, kisha utafute humo jina la Antony na jina la Cicero. Hutayaona.